Vijana walionipimia umeme wa jengo letu Makole: nawasifu kwa kupima, nawalaumu kwa vioo

Kwa mwenye haraka: waite wakupimie, lakini kazi ya kufunga vitu tafuta watu wengine. Kwa upimaji nawapa nyota tano kati ya tano. Kwa filamu ya vioo waliyotubandikia nawapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu walikuja na ngazi yao wenyewe. Jina la kampuni sitaliandika hapa. Kuna pesa bado nawadai, na sitaki ionekane nawachafulia ili wanilipe.

Mimi ndiye msimamizi wa jengo la familia hapa Makole, Dodoma. Marehemu baba alituachia kiwanja. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, kila mwenye kiwanja akawa anakimbizana na mafundi, na kaka zangu hawakubaki nyuma. Wakajenga maduka chini na ofisi ghorofa mbili juu, mbele vioo vitupu, na hiyo mbele ndiyo imetazama magharibi. Kukusanya kodi na kugombana na wapangaji wakaniachia mimi, eti nina mdomo. Chini kuna saluni, duka la vipodozi, duka la vifaa vya ofisi, wakala wa pesa na mgahawa. Juu yuko wakili, kuna SACCOS, ofisi ya bima, na wengine wa kuja na kuondoka.

Mgahawa una LUKU yake, yaani mita ya kulipia umeme kabla ya kutumia. Wengine wote wanakula kwenye LUKU moja ya fezi tatu, na kila mwezi nilikuwa napitisha daftari mlango kwa mlango kama mchango wa harusi. Anayetoa ananung'unika, asiyetoa anazima simu. Karibu wapangaji wote waliamini anayemaliza uniti ni saluni. Mama saluni aliamini ni SACCOS, wenye viyoyozi vitatu. Wakili hakuamini mtu yeyote, aliniandikia barua yenye muhuri.

Pesa yenyewe si ndogo. Tuko kwenye kundi la T1, lile la matumizi ya kawaida. TANESCO wanatoza shilingi 292 kwa uniti, kisha inakuja VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), kwa hiyo uniti moja inakutoka kama shilingi 356. Ndiyo maana mtu wa T1 akiweka elfu moja anapewa uniti 2.8 tu. Oktoba ya mwaka jana, joto likiwa limekomaa na mvua bado haijanusa, jengo lilikula uniti 2,900. Hesabu hiyo inavuka milioni moja kwa mwezi mmoja.

Namba ya hawa vijana nilipewa na mwenzangu mwenye lodge kule Kisasa. Bei yao ilianza laki nne na nusu, tukashushana hadi laki nne: kupima karibu wiki nzima, kukagua chumba kwa chumba, na ripoti. Waliahidi saa tatu asubuhi wakafika saa tano na nusu. Walikuwa wawili: kijana wa mauzo mwenye viatu vya kung'aa, na binti mhandisi aliyevaa ovaroli na buti zenye vumbi, begi la vifaa begani. Nilijua palepale nani wa kumsikiliza.

"Shikamoo mama. Naomba ufunguo wa chumba cha meinswichi, na mtu anayejua kila breka inakwenda wapi."

"Marahaba mwanangu. Ufunguo huu hapa. Huyo mtu hayupo, fundi aliyefunga alishahamia Mwanza."

Akacheka, akaanza kazi. Siku hiyo karibu yote ilikwenda kwenye kuzima breka moja moja na kumtuma mlinzi achungulie kimezima nini. Kila aliyoijua aliibandikia karatasi yenye jina. Karatasi hizo zipo hadi leo, na mara ya mwisho saluni walipopata shoti tulizima breka yao peke yake, SACCOS hawakujua hata kama kuna tatizo. Zamani ningezima jengo zima nikatukanwa na ghorofa zote mbili.

Kabla hajafunga chombo chochote alitoa kipimajoto cha mkononi, kile cha kulenga kwa nukta nyekundu, akakipitisha kwenye bodi. Maungio mengi yalisoma nyuzi thelathini na kitu. Ungio moja la nyutro, waya wa kurudishia umeme, likasoma 78. Akanionyesha plastiki ya pembeni, imeshaanza kuwa kahawia. "Mama, hapa skrubu imelegea. Umeme unapita pembamba, ndiyo maana pamechemka." Tulizima meinswichi, akakaza, akapima tena baada ya saa nzima ya kazi: 37. Hii haikuwa kwenye makubaliano na hakuniongezea hata senti. Wenye majengo ya maduka, hebu fikirieni mioto mingapi mmesikia imeanzia kwenye bodi ya umeme, kisha mniambie laki nne ni ghali.

Jingine aliloliona mapema ni kwamba fezi hazikugawiwa sawa. Moja ilikuwa inabeba ampea 41, nyingine 14, ya tatu 11. Saluni na viyoyozi vya upande wa magharibi vilikuwa vimerundikwa pamoja, ndiyo maana breka kubwa ilikuwa inaanguka kila ikifika saa kumi jioni na mimi nikidhani ni TANESCO. Alihamisha nyaya chache tu. Hili halikupunguza uniti za maana, na binti mwenyewe aliniambia hivyo, lakini breka haijaanguka tena.

Chombo chenyewe cha kupimia ni kisanduku kidogo chenye vishikio vinavyokumbatia nyaya, fezi tatu na nyutro. Hakuna waya unaokatwa. Kinakaa pale kinaandika kila dakika, usiku na mchana, nanyi mnaendelea na maisha yenu. Nilimwomba asiwaambie wapangaji ni cha nini. Nilisema ni mambo ya usalama, na baada ya ile nyuzi 78 haikuwa uongo.

Usiku ndiko zilikokuwa zinapotelea pesa zetu. Aliporudi kuchukua kisanduku alifungua kompyuta mezani kwangu akanionyesha mchoro wa siku zote. Mchana mstari unakwenda nilivyotegemea: saa tatu asubuhi ofisi zinafunguka unapanda, saa nane viyoyozi vyote vinapiga kazi, jioni unashuka. Nikamwambia mwanangu, haya nayajua. Akasogeza kidole hadi saa sita usiku.

"Hapa jengo limelala, mama?"

"Limelala. Kuna mlinzi tu."

"Mbona linakula kilowati moja na pointi nane?"

Tulipiga hesabu kwenye simu yangu, sikutaka ya kwake. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Kilowati 1.8 kwa saa kumi za usiku, siku thelathini: uniti 540. Zidisha kwa shilingi 356, ni zaidi ya laki moja na tisini kila mwezi, milango yote ikiwa imefungwa na makufuli. Barua ya wakili ilikuwa bado iko mezani pembeni ya kompyuta.

Zaidi ya nusu ya mzigo huo ni taa mbili za ulinzi. Halojeni, wati 500 kila moja, alizichagua kaka yangu mkubwa kwa sababu zinaonekana kuanzia barabara kuu. Huku kwetu usiku ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, jua halina msimu wa kuchelewa. Tuliweka za LED za wati 50 kila moja. Tofauti ni wati 900, saa kumi na mbili, siku thelathini: uniti 324, au laki moja na elfu kumi na tano kwa mwezi. Taa mpya nilinunua elfu thelathini na tano kila moja. Wiki ya tatu haikuisha zimeshajilipa. Mlinzi analalamika kitu kimoja tu, kwamba zile za zamani alikuwa anaotea joto mwezi wa Juni na Julai.

Korido kulikuwa na tyubu nane za futi nne zinazowaka usiku kucha. Watu husoma wati 36 kwenye tyubu wakadhani ndiyo matumizi yake, lakini ndani ya fremu kuna choki ya chuma ambayo nayo inakula kama wati tisa kwa kupata moto tu. Za LED ni wati 18. Binti alifanya jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: alizitoa choki kabisa, kisha ndani ya kila fremu akabandika onyo kwamba choki haipo, asije fundi wa kesho akachomeka tyubu ya zamani.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki. Kwenye mchoro wa usiku kulikuwa na miruko midogo, mstari unapanda kidogo na kushuka, kila baada ya dakika chache, hadi alfajiri. "Hii ni mota," akasema. Mota pekee tuliyonayo ni ya pampu ya presha inayosukuma maji ghorofani. Sasa usiku wa manane nani anaoga ofisini? Tukapanda na tochi. Choo cha ghorofa ya pili, karibu na bima, raba ndani ya tangi la flashi ilikuwa imeliwa. Maji yanachuruzika taratibu ndani ya bakuli, huyaoni na huyasikii. Akaomba chai ya rangi iliyobaki kwenye chupa ya SACCOS, akaimimina kwenye tangi la flashi, tukasimama pale tukisubiri. Bakuli likaanza kuwa kahawia kutoka juu, mstari mwembamba. Raba nilinunua elfu tano. Umeme uliookolewa hapo si mwingi, lakini hebu jumlisha na maji, katika mji ambao maji yanakuja kwa zamu na ukikosa unaita boza.

Sasa viyoyozi. Kila mtu Dodoma anajua vumbi letu, ila wengi wanaosha kichujio cha ndani tu na kusahau ile sehemu ya nje, ambayo ndiyo inatupa joto. Ikizibwa, joto halitoki na kompresa inasukuma kwa presha kubwa zaidi, umeme unaongezeka na chumba bado hakipoi. Kiyoyozi kikubwa cha SACCOS, cha BTU 18,000, kilikuwa kinavuta ampea 9.1. Tulikizima kabisa, kikaoshwa kwa maji yasiyo na nguvu ili yale mapezi membamba yasipinde. Yalitoka matope mekundu, nyuzi za magunia, na manyoya ya njiwa. Kilipowashwa tena: 7.6. Tangu hapo ni kazi ya kila robo mwaka, na kijana anayeosha magari jirani ndiye ananifanyia, baada ya kufundishwa.

Kwa wakili ilikuwa kesi. Mzee anaweka 16 toka asubuhi, halafu anavaa koti. Kiyoyozi chake ni cha zamani, si cha inveta inayopunguza mwendo wa kompresa yenyewe.

"Shikamoo mzee. Ukiweka 16 hakipoozi haraka kuliko ukiweka 24. Kinapooza kwa mwendo uleule, ila hakijui pa kupumzika."

"Una ushahidi?"

Binti akatoa kipimajoto akakiweka juu ya mafaili yake, akamwachia. Sikuambiwa kilisoma nini. Najua tu kwamba sasa anaweka 23 na barua hazijaja tena.

Hadi hapo nilikuwa nimewapenda. Ndipo yule wa viatu vya kung'aa akafungua ukurasa wa mapendekezo: boksi la kapasita la kufungwa kwenye bodi, milioni mbili na laki nne, litapunguza bili kwa asilimia ishirini. Nikamtazama binti, naye akatazama buti zake.

Mimi kabla ya jengo hili nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha kukamua alizeti Singida, miaka mingi, na bili ya kiwanda ilikuwa inapita mikononi mwangu. Kiwanda kilikuwa T2, kundi la wanaovuka uniti 7,500 kwa mwezi. Huko uniti ni ya bei ndogo, shilingi 195 kabla ya kodi, lakini juu yake unalipia kilele chako cha mwezi, shilingi 15,004 kwa kila kVA, kipimo cha mzigo wote unaouvuta kwa wakati mmoja. Mota kubwa zinavuta mkondo mwingine ambao haufanyi kazi yoyote ya kukamua, unakwenda na kurudi tu kwenye nyaya, na huo unaipandisha kVA. Kapasita inaukata. Kiwandani ilitusaidia kweli, niliona kwenye karatasi. Sasa LUKU ya T1 inahesabu uniti peke yake. Haijui kVA, haitozi kVA. Boksi la milioni mbili na laki nne linakwenda kupunguza kitu ambacho hatulipii.

Nikamuuliza kijana, "Sisi tunalipia kVA?" Akasema litasaidia pia vifaa vidumu. Nikamuuliza tena. Akasema atawasiliana na ofisi. Binti akasema kwa sauti ya chini, "Mama yuko sahihi." Hapo nikamwongezea heshima, maana bosi wake hakupenda. Na vile viboksi vya kuchomeka ukutani vinavyotembezwa mtaani kwa elfu thelathini, vyenye taa ya kijani, ni habari ileile. Taa ya kijani ndiyo kazi pekee vinayoifanya.

Ripoti yenyewe ni ya Kiingereza, nene, na nusu yake ni ya kunakili. Kuna ukurasa mzima wa ushauri kuhusu kupasha jengo joto wakati wa theluji. Theluji, Makole! Niliwarudishia nikataka kurasa za jengo langu tu, kwa Kiswahili ambacho naweza kuwasomea kaka zangu kwenye kikao. Nilizipata, na hizo ni nzuri: kila kitu, kinakula kiasi gani, kwa saa ngapi, na kibadilishwe na nini.

Filamu sasa. Vioo vyetu vya magharibi kuanzia saa nane vinapigwa na jua la pembeni hadi linapozama, na kaka yangu mdogo alishawishiwa na yule kijana akalipa laki sita ya filamu nyeusi ghorofa ya pili yote. Waliibandika Novemba, siku ya upepo, madirisha yakiwa wazi. Kufika Januari kila kioo kilikuwa na mapovu, na ndani ya mapovu unaona chembe za mchanga. Dhamana wanasema ni ya filamu, si ya vumbi. Na hata pale ilipokaa vizuri sikuona faida. Filamu ile haikuwa ya kurudisha jua, ni ya kulinywa. Niliweka kiganja kwenye kioo saa kumi jioni nikakitoa haraka. Joto hilo linaingia chumbani taratibu, na kwa kuwa chumba kimekuwa giza, watu wa bima wakawa wanawasha taa mchana. Sasa tumeokoa nini?

Jua likishapita kioo limeshaingia, pazia halilitoi tena. Dawa ni kulizuia nje. Na kwa upande wa magharibi paa la kuchomoza halitoshi, kwa sababu jioni jua linakuja chini, usawa wa macho. Nilimwita fundi wa kuchomelea akatengeneza fremu za mabomba ya mraba, akazifunga kama sentimita arobaini mbele ya ukuta, tukavisha neti nyeusi ile ya vitalu vya miche. Hewa inapita kati ya neti na kioo. Kipimajoto cha ofisi ya bima, saa kumi jioni, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kimeshuka karibu nyuzi tatu ukilinganisha na vyumba visivyo na neti. Si kizuri sana kwa macho, kaka mkubwa anasema tumelifanya jengo kitalu. Upepo wa Julai ulichana moja, tukaongeza waya katikati. Bibi yangu wa Mvumi alikaa kwenye tembe hadi mwisho wa maisha yake, ukuta mnene wa udongo, paa bapa la udongo, madirisha ya kuchungulia, na saa nane mchana ndani pana ubaridi. Wajukuu tumejenga kwa vioo, tukavielekeza jua linakozama, kisha tunanunua uniti za kulitoa.

Ripoti pia ilipendekeza feni za maji, yale madude yenye tangi chini na sponji nyuma. Hewa kavu inapita kwenye sponji, maji yanavukiza na kuipoza. Kwa Dodoma ya Agosti hadi Novemba zinafanya kazi vizuri mno, tena kwa wati mia na kitu ambapo kiyoyozi kinataka elfu na zaidi. Mvua zikianza, Desemba hadi Machi, zinabaki kupuliza unyevu tu. Mama saluni ameipenda. Duka la vifaa vya ofisi waliitoa baada ya siku chache, karatasi za rimu zilikuwa zinajikunja na mashine ya kutolea nakala inazimeza mbilimbili. Hilo mtu wa ripoti angeweza kulifikiria.

Mita ndogo za kila chumba, sabumita wanavyoziita mafundi, nilifungiwa na fundi wangu mwenyewe, si hawa. Wao ndio walionishauri, kwa hiyo sifa ni yao. Mwezi wa kwanza tu saluni ikaonekana inakula chini ya watu wote walivyosema. Aliyekuwa anakula kimyakimya ni duka la vipodozi: taa za kupambia bidhaa, halojeni ndogo za wati 50, kumi na mbili, kuanzia asubuhi hadi kufunga. Hizo ni wati 600, anawasha saa kumi na mbili kwa siku, uniti 216 kwa mwezi. Alipoona hesabu iko kwenye jina lake peke yake, taa zote zilikuwa zimebadilishwa kabla ya wiki kuisha. Mama saluni alitaka aombwe radhi kwenye kundi letu la WhatsApp. Aliombwa, ila wakili aliweka neno "iwapo."

Oktoba hii iliyopita tumekula uniti 1,900 na kidogo, badala ya 2,900. Kwa pesa ni kama laki tatu na nusu. Niseme pia chumba kimoja ghorofa ya kwanza kimekaa wazi tangu Agosti, kwa hiyo si zote ni kazi ya vijana.

Ukiwaita, mwombe binti aje yeye, na mkubaliane kwa maandishi kwamba namba zote za kisanduku utaachiwa wewe, si mchoro tu. Wape Oktoba au Novemba wapime joto likiwa lenyewe, si Julai. Uwe na mtu wa kuzunguka na ufunguo. Ukiwa T2, zungumzia kapasita bila wasiwasi. Ukiwa LUKU ya T1, wakianza hilo boksi, waagizie soda mwongee mengine.

Kuhusu laki sita ya filamu, wameniambia watakuja kubandua na kubandika upya Bunge la Novemba likiisha, kwa sababu sasa hivi lodge zote zimewaita. Nimewajibu wabandue tu, wasibandike, na pesa warudishe kwenye namba ileile iliyowalipa.